Jiji linalomfukuza mpishi wake

Ijumaa iliyopita mshikaji wangu mmoja niliyesoma naye Mlimani alinipigia simu. Kapandishwa cheo benki, anataka tukale. "Lakini si kwa mama ntilie," akasisitiza, "leo tukale sehemu za watu." Mimi mtu wa tumbo, kuniita mezani hakuhitaji kubembeleza. Nikafunga daftari, nikapanda lifti hadi juu kabisa ya jengo moja la vioo hapa Posta. Mgahawa wenyewe siutaji jina, maana kilichonikuta pale kingeweza kunikuta kwenye migahawa mingine kadhaa ambayo ukitoka Sanamu ya Askari unaifikia kwa miguu.

Mlangoni dada mmoja, Mtanzania mwenzangu kabisa, akatukaribisha kwa Kiingereza. Nikamjibu kwa Kiswahili. Akaendelea na Kiingereza. Nikamwambia, "Dada, za kazi?" Akageuka nyuma kidogo kama anayehakikisha bosi hasikii, akasema "Nzuri kaka," kisha akarudi kwenye Kiingereza chake. Simlaumu. Kaambiwa.

Menyu ikaja. Jamani! Kurasa sita, Kiswahili hakuna, isipokuwa neno "Swahili" lenyewe, ambalo walikuwa wanalinyunyiza kama iliki. "Swahili Beef Pilau." Hivi kuna pilau ya Kijapani? "Crispy Lentil Fritters" nikadhani ni kitu cha maana, kumbe bajia. "Tamarind Cooler" ni ukwaju wenu huu huu. Na samaki wa nazi, ambaye bibi yako anampika akiwa amefumba macho, alikuwa anaitwa "Coastal Coconut Fish". Kwa jina hilo jipya alikuwa anauzwa 38,000. Wali wake unahesabiwa pembeni, 8,000.

Tukala. Mimi samaki na wali, mwenzangu pilau ya 32,000, bajia za kushirikiana 14,000, ukwaju wawili wa 9,000 kila mmoja. Jumla 110,000. Chini kabisa ya menyu, kwa maandishi ya sisimizi, kulikuwa kumeandikwa kwamba bei hazijajumuisha VAT. Ongeza asilimia 18, yaani 19,800. Bili ikasoma 129,800. Mshikaji akasema ni zawadi yake. Nikakataa kwa kiburi cha kijinga cha mwandishi wa habari, nikatoa nusu yangu. Stori moja ya ukurasa wa ndani hainilipi nusu ile.

Ningekuwa nimekula vizuri, leo msingenisikia. Tatizo ni kwamba samaki yule alikuwa amekaa kwenye barafu mpaka amesahau bahari, na bahari yenyewe tulikuwa tunaiona dirishani! Soko la samaki la Feri, lile lililofunguliwa mwaka 2002 kwa msaada wa Japani, lilikuwa pale chini, mahali ambapo alfajiri wanapiga mnada wa samaki ambao bado wanang'aa macho. Tui lilikuwa la kopo. Pilau ilikuwa wali wa rangi ya kahawia, viazi hakuna, mdalasini umepita mbali, na nyama ilikuwa imepikwa peke yake ikaja kutambulishwa kwa wali mezani. Mwenzangu akasema, "Lakini mandhari nzuri." Ni kweli. Mandhari ilikuwa nzuri sana.

Usiku nikalala na hesabu kichwani. Sahani ya wali samaki kwa mama ntilie maeneo ya Kisutu ninainunua 3,500. Gawanya mwenyewe. Ile bili ni sahani 37 na chenji 300 inabaki. Sahani 37! Mwezi mzima wa kazi na watu wa kuwaalika juu.

Sasa kabla hamjanirukia kwamba nina wivu wa maskini, niseme wazi: mtu kutumia pesa yake kwenye chakula sina ugomvi naye. Mimi mwenyewe mshahara wangu unaishia mdomoni, mama yangu anajua. Na migahawa yenye kuta nne na stakabadhi ya mashine siichukii pia. Pale Kisutu kuna K-Tea Shop, ambako katlesi na bajia zinakuja na chatine ya nazi, na watu wa rangi zote za mji huu wanabanana kwenye meza bila kuulizana kabila. Kuna Chef's Pride mtaa wa Chagga, ambako karani, wakili na mtalii mwenye begi mgongoni wanakula chakula kile kile. Kona ya Morogoro na Libya kuna kuku wa Mamboz, na jioni moshi wake unakuita kabla hujavuka barabara. Sehemu hizi zinauza chakula. Ninachokipinga ni kitu kingine, na nitakifikia.

Ngoja kwanza niwatembeze, maana nahisi wengi wetu tunaofanya kazi Posta tunaijua kwa majengo tu. Mimi naijua kwa saa za kula.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nashuka mwendokasi kutoka Kimara. Saa hiyo chapati tayari zinageuzwa na supu imekwishachemka, na wanaokula ni walinzi wanaomaliza zamu, wabeba mizigo, na vijana wa benki wenye tai walioificha ndani ya shati isiingie kwenye bakuli. Saa nne ni chai ya maziwa na kitumbua. Saa saba mji mzima unashuka ngazi. Saa kumi, ukivuka Mnazi Mmoja kuingia Kariakoo, unamsikia muuza kahawa anagonga vikombe vyake, kahawa chungu na kashata ya karanga, na hapo pana siasa kuliko kwenye gazeti letu. Giza likiingia pweza anakatwa vipande vidogo na supu yake inagawiwa kwa heshima, wanaume wanainywa wakiangalia pembeni.

Katika mzunguko wote huo, nani anawapikia watu hawa? Si jengo la vioo. Wanapikiwa na wanawake, na siku hizi na wanaume pia, wenye sufuria, jiko na benchi mbili. Zamani tuliwaita mama ntilie, kwa sababu ndivyo tulivyosema: mama, nitilie. Serikali ikaja kuwapa jina la heshima, mama lishe na baba lishe. Jina tumewapa. Mahali hatujawapa.

Na hapa ndipo naanza kuongea kuhusu jambo ambalo nimelikwepa kwa miaka minne.

Nilipomaliza chuo mwaka 2021 nilianza kazi kama mwandishi wa kujitegemea, yaani unalipwa kwa stori, na stori isipotoka hulipwi. Nikapangiwa Mahakama ya Kisutu. Anayeijua kazi ile anajua siku inavyokwenda: unafika asubuhi, unasubiri kesi ya mkubwa fulani, saa tano wakili wa Serikali anasimama kusema upelelezi haujakamilika, kesi inaahirishwa wiki mbili. Hakuna stori. Hakuna stori maana yake hakuna pesa.

Kilichokuwa kimekamilika kila siku bila kuahirishwa ni wali wa mama mmoja kwenye kichochoro si mbali na mahakama. Wali maharage, wali nyama, wali samaki, mchicha wa nazi, na pilipili ya kukaanga ambayo mpaka leo sijaipata kwingine. Mahakimu walikuwa wanaagiza kwake kwa kutuma vijana. Mawakili walikuwa wanakuja wenyewe. Mahabusu, ndugu zao walikuwa wanawanunulia. Haki yote ya nchi hii ilikuwa inakula pale.

Mama yule alinijua kabla mhariri wangu hajakariri jina langu. "Mwandishi," ananiita, "leo umechelewa, wamebaki vichwa." Siku sina hela ananitazama mara moja tu usoni, anapakua. "Utaleta." Hakuandika popote. Nami sikuandika. Kwa miezi kadhaa mimi, msomi wa shahada, nilikuwa nalishwa kwa mkopo na mwanamke ambaye benki isingemkopesha hata sufuria.

Kisha ikaja Oktoba 2021. Mnaikumbuka. Ile operesheni ya kuwaondoa wamachinga katikati ya jiji. Rais alikuwa amesema wapangwe vizuri bila vurugu, na sehemu nyingine kweli watu walijibomolea wenyewe vibanda vyao usiku kabla ya siku ya mwisho. Mimi nilipewa kazi mbili za kuandika.

Ya kwanza ilikuwa mkutano wa wadau wa usafi wa mji, uliofanyika kwenye hoteli kubwa hapa hapa Posta. Wadau walikuwa wengi. Mama lishe hata mmoja hakuwepo. Palizungumzwa hadhi ya jiji, wawekezaji, na "vyakula visivyo salama". Saa saba tukaambiwa karibuni chakula. Bufee! Kuku aina tatu, samaki, saladi, keki. Nami nikajaza sahani mara mbili. Tulikuwa tunakula bure chakula cha hoteli huku tumetoka kujadili namna ya kumwondoa mama anayetulisha siku ambazo hoteli haituiti. Haikunijia kichwani wakati ule. Nilikuwa nawaza nauli ya washiriki itatoka saa ngapi. Ndiyo, ile bahasha. Nilipokea.

Ya pili ilikuwa siku yenyewe. Nilipita mitaani, nikaandika jinsi barabara zilivyo wazi, jinsi magari yanavyopita. Kichwa cha habari, si mimi niliyekiweka lakini sikukipinga, kilisema Posta inapumua. Nilinukuu kiongozi mmoja, mfanyabiashara mmoja mwenye duka, na mpita njia mmoja. Yule mama sikumnukuu. Nilifika kwenye kichochoro chake nikakuta alama nyeusi ya jiko kwenye saruji na maji ya mtu kayamwaga. Nikasema atakuwa kaondoka mapema. Nikarudi kuandika. Deni lake nilikuwa nalo mfukoni, siku ile nilikuwa nimelipwa.

Ile stori ilinipa ajira ya kudumu. Ndiyo hivyo.

Sasa tujiulize, ukichaa huu umetoka wapi? Kwa nini mji unakula kwa mtu saa saba na kumwita uchafu saa tisa?

Tazama ramani. Sheria ya ujenzi ya Wajerumani ya mwaka 1914 iliugawa mji huu kanda tatu, na Waingereza wakaja wakaurithi mgawanyo ule: Uzunguni pembeni ya bahari, Uhindini katikati, Waafrika Kariakoo, eneo lililopata jina kutokana na kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita ya Kwanza. Kati ya Uhindini na Kariakoo wakaacha uwanja mtupu, Mnazi Mmoja, eti kuzuia maradhi yasivuke. Yaani tangu enzi hizo, Mwafrika anayevuka Mnazi Mmoja kuingia mjini alitakiwa aje kufanya kazi, kisha arudi. Akipata njaa akiwa huku, hilo halikuwa kwenye ramani.

Uhuru ukaja, mitaa ikabadilishwa majina, ramani ikabaki vichwani. Mwaka 1983 ikaja Nguvu Kazi, watu waliohesabiwa wazururaji wakakamatwa mjini kupelekwa mashambani. Agosti 2015 kipindupindu kikaibuka Dar, wauza chakula mitaani wakapigwa marufuku. Desemba 2018 Rais Magufuli akaja na vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, shilingi 20,000 kwa mwaka, mama lishe nao wakanunua, wakavivaa shingoni kama medali, kwamba sasa hawatasumbuliwa. Miaka mitatu haikuisha, Oktoba 2021 ikafika. Leo wengi wamerudi kimya kimya, kwa sababu njaa ya mchana haihamishwi kwa tangazo. Na wanaishi wakijua kwamba siku yoyote gari la mgambo laweza kukunja kona.

Angalia huo mfululizo. Tunafukuza, tunasamehe, tunauza kitambulisho, tunafukuza. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyeuliza swali dogo: wafanyakazi wa Posta wale wapi?

Najua majibu yenu, maana nimeyasikia hata kwenye chumba chetu cha habari.

Mtasema usafi. Sawa, tuzungumze usafi, sitakwepa. Nimeshawahi kuharisha kwa chakula cha mtaani, nimeshawahi pia kuharisha kwa chakula cha bufee, na ya bufee ilikuwa kali zaidi. Kipindupindu kinaenezwa na maji na vyakula vilivyochafuliwa na kinyesi. Dawa yake ni bomba na choo. Mama anayeosha sahani 100 kwenye ndoo mbili hafanyi hivyo kwa kupenda. Mpe bomba uone. Umemnyima maji, umemnyima choo, umemnyima paa, kisha unamkamata kwa kosa la kukosa maji, choo na paa. Hiyo akili gani?

Mtasema njia za waenda kwa miguu. Hapa mna hoja, nakubali. Mlemavu wa kiti cha magurudumu hawezi kupita katikati ya majiko, na mtoto wa shule hatakiwi kutembea barabarani kwa sababu benchi limekaa juu ya njia yake. Lakini mbona magari yanayoegeshwa juu ya njia zile zile hayaitiwi operesheni? Na mbona jioni, meza za plastiki zikipangwa nje ya maduka na wageni wakaja na kamera, hatusemi uchafu tena? Tunasema "street food". Kuna watalii wanalipa dola watembezwe wale kwenye mitaa yetu hiyo. Mchana kwa shilingi elfu tatu ni uchafu, usiku kwa dola ni utamaduni!

Mtasema kodi. Mgahawa una mashine, unalipa VAT, mama halipi. Ndugu zangu, VAT ya ile bili niliilipa mimi na mshikaji wangu, tena imeongezwa juu ya bei. Na mama huyo amelipa kitambulisho, analipa ushuru pale anapotozwa, analipa kodi kwenye unga, mafuta na sabuni anayonunua Kariakoo, na mara nyingine anamlipa mtu mwenye fimbo ambaye hatoi risiti. Akipewa mahali penye namba, atalipa pango na risiti itatoka. Anayetaka kodi yake ampe anwani kwanza.

Kwamba haiwezekani? Vukeni bahari. Pale Forodhani, Unguja, bustani ilifungwa, ikakarabatiwa na taasisi ya Aga Khan, ikafunguliwa tena mwaka 2009. Kila mtu aliogopa kwamba wauza chakula ndio basi tena. Wakarudishwa wakiwa na mahali pao palipopangwa ndani ya bustani mpya, na leo hakuna anayekwenda Unguja bila kusimama pale jioni. Singapore nao walikuwa na wachuuzi wa chakula mitaani kama sisi. Kuanzia miaka ya 1970 wakajenga vituo vyenye maji, mifereji na meza, karibu na watu wanapokaa na kufanya kazi, wakawahamishia humo. Mwaka 2020 UNESCO ikauweka utamaduni ule wa wachuuzi wa chakula kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Mji tajiri kiasi kile umejivunia mama ntilie wake!

Neno la kushika hapo ni "karibu na watu". Sisi tukijenga tunajenga mbali. Machinga Complex pale Karume ilikamilika mwaka 2010 na kwa miaka vizimba vingi vikabaki vitupu. Na hiyo ni nguo na viatu, ambavyo mtu anaweza kuvifuata. Chakula cha mchana hakifuatwi kwa daladala mbili. Una saa moja ya mapumziko. Sahani inatakiwa iwe mwendo wa dakika tano.

Kwa hiyo nasema hivi. Kila ghorofa jipya linaloomba kibali Posta na Kariakoo linaonyesha mahali pa kuegesha magari. Lionyeshe na mahali pa kula kwa watu watakaofagia, kulinda na kuandika barua humo ndani: sakafu ya chini au ya pili, maji, choo, bomba la gesi. Nchi imeshazindua mkakati wa nishati safi ya kupikia mwaka 2024, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wameacha kuni na mkaa ifikapo 2034. Vizuri. Tuanze na hawa wanaopikia mamia kwa siku. Vichochoro ambavyo havipiti magari vipakwe rangi, vipimwe, vitolewe kwa namba. Na mkutano wa wadau ukiitishwa, mama lishe aalikwe kama mdau, asiitwe kama ajenda.

Na sisi walaji, wasomi wa mjini, tuna kazi yetu. Tuache kuona aibu. Yule mshikaji wangu wa benki alisomeshwa kwa vitumbua, mama yake alikuwa anauza Morogoro stendi, aliniambia mwenyewe tukiwa mwaka wa pili. Leo anasema "sehemu za watu". Kwa hiyo kule kwa mama yake walikuwa wanakula nani? Tunalipa 38,000 ili samaki wetu abadilishiwe jina, asifanane na nyumbani. Hicho ndicho kinachouzwa kule juu, kiyoyozi na kusahau.

Nimeyaandika haya sasa kwa sababu moja zaidi. Jumatatu, nikiwa bado nina kinyongo na ile bili, nilikuwa Kariakoo kufuatilia stori ya wafanyabiashara. Mtaa umejaa, mikokoteni, kelele. Mbele yangu akapita mwanamke amebeba beseni kichwani, ndani sahani zimefunikwa kwa sahani, anaingia duka hadi duka kuwapelekea wauzaji chakula. Nikaijua sauti kabla ya sura. "Kaka, wali wako huu."

Ni yeye. Kapungua. Hana kichochoro tena, anapika nyumbani Buguruni na kutembeza. Nikamshika shikamoo, akaitikia, akanitazama. "Mwandishi," akasema. "Umenenepa."

Nikaanza kujieleza, mambo ya Oktoba ile, mhariri, sijui nini. Akanikatisha, chakula cha watu kinapoa. Nikatoa elfu kumi, nikamwambia deni lako hili mama, la mwaka ule, nisamehe. Akaipokea, akaikunja, akaifunga kwenye pindo la kanga.

"Ilikuwa elfu kumi na mbili," akasema.

Nikaongeza mbili. Akahesabu, akaondoka na beseni lake. Hakuniuliza niliandika nini siku ile, nami sikumwambia. Lakini kesho namwomba mhariri ukurasa, nikae naye siku nzima toka anawasha jiko. Akinikatalia, mtaisoma hapa hapa.

Saa saba inagonga, nashuka ngazi. Tusidanganyane, nyote mnajua mnakwenda kula wapi.